Bahati Iliyofungiwa Sandukuni

Ukimsikia mtu mzima anakwambia mwezi wa kumi na moja kwamba "bado kuna muda", mwamkie kwa heshima, kisha umkimbie. Mimi nimefundisha sekondari huku Iramba tangu nikiwa msichana mpaka nikawa mtu wa kutafuta miwani huku nimeivaa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa taaluma. Nawajua watoto wa mwisho wa mwaka. Kidato cha nne wametoka kwenye mtihani, wanaona dunia nzima imefunga likizo. Kidato cha sita wamerudi nyumbani na madaftari yamelala chini ya kitanda. Mvua inaanza, majembe yanatoka, na ndipo ufadhili, mashindano ya insha, nafasi za vyuo na mafunzo ya likizo vinapofunga milango, mmoja baada ya mwingine.

Wanafunzi waliniita Madam Tarehe. Walidhani sijui. Nilipostaafu nikarudi Kinampanda kulima alizeti, nikadhani jina nimeliacha shuleni. Wapi! Bado mnanijia na simu zenu zilizopasuka vioo: "Shikamoo bibi, eti hii mwisho wake lini?" Imeandikwa hapo hapo kwa herufi nyekundu, ila mnataka niwasomee mimi. Basi leo niwaambie yangu yote kwa pamoja, mniache nikapalilie.

Nilipoanza kazi, tangazo lilikuja kwa posta, na mara nyingi lilifika limechoka kuliko aliyelileta. Nililibandika ubaoni kwa uji mzito wa muhogo, maana gundi ya dukani ilikuwa anasa. Mwaka mmoja likaja tangazo la shindano la insha, zawadi yake ni kulipiwa ada. Nikalibandika vizuri, nikajipongeza. Asubuhi yake nikamkuta mbuzi wa mlinzi amesimama kwa miguu ya nyuma, analamba ubao. Alikuwa ameshamaliza zawadi na masharti, amebakiza kichwa cha habari. Uji ule ulikuwa na chumvi, kumbe.

Mkuu wetu wa shule wakati huo alikuwa Mwalimu Ayubu, mzee mrefu mwenye sauti ya kuamsha bweni. Nilikwenda kwake karibu nilie. Alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu," akasema, "huyo mbuzi angalau amelisoma. Wanafunzi wako walipita hapo jana wote, hakuna aliyesimama. Tangazo la ubaoni ni la mbuzi. Mtoto mwambie kwa mdomo, na mwambie tena." Tangu siku hiyo nikawa nasoma matangazo paredini, nayarudia bwaloni, na nikimkuta mtu njiani namuuliza. Ndiyo maana wakaniita vile.

Ni yeye pia aliyenifundisha kuhesabu kwa minada. Tarehe ya mwisho, alisema, imewekwa na mtu aliyekaa mjini karibu na mashine ya kutoa nakala. Wewe uliyeko kijijini tarehe yako ni mnada wa mwisho kabla ya hiyo yao. Siku ya mnada mtendaji wa kijiji yupo na muhuri wake, baba yako yupo anauza mbuzi, mpiga picha za pasipoti ametundika shuka lake la bluu, na gari la kwenda Singida mjini lipo. Ukiukosa mnada huo utamfuata mtendaji kwake, uambiwe yuko kwenye msiba. Utamfuata msibani, uambiwe muhuri uko ofisini. Msemo wa kawia ufike ni mzuri kwa mwenye baiskeli mbovu. Aliyeutunga hakuwahi kuomba ufadhili.

Siku hizi mambo yamehamia kwenye simu, na mnadhani shida imekwisha. Shida imebadili nguo tu. Nilikuwa na kijana mmoja, Yohana, mwepesi wa hesabu kuliko mimi. Aliomba nafasi chuoni kwa namba ya mjomba wake, kwa kuwa yeye hakuwa na laini. Mjomba ni utingo wa lori. Zile namba za siri za kuthibitisha zikawa zinamfikia mjomba Kahama, naye alikuwa ameonywa na redio kuhusu matapeli. Akazifuta zote kwa fahari. Krismasi aliporudi akamsimulia Yohana jinsi alivyowashinda wezi. Yohana alisubiri mwaka mzima. Kwa hiyo kama huna laini, omba namba ya mtu anayelala ulipolala wewe, na umweleze kinachokuja.

Lakini sikuwaita kwa ajili ya Yohana. Nataka kuwaambia habari za Rehema, maana kwake nilijifunza kitu ambacho Mwalimu Ayubu hakuniambia.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Rehema alikuwa kidato cha sita, anasoma fizikia, kemia na baiolojia, binti mkimya wa kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Shelui, kule ardhi inakoteremkia bondeni Wembere. Kabla ya kufunga shule aliomba ufadhili wa wasichana wa sayansi. Ukiupata, unalipiwa mpaka umalize chuo kikuu. Nyumbani kwao hapakuwa na njia nyingine. Baba yake alinieleza wazi siku ya wazazi: "Mwalimu, mimi uwezo wangu unaishia kidato cha sita. Baada ya hapo ni Mungu." Fomu ile tuliijaza pamoja, nikawa mdhamini wake, na tuliituma mapema, mnada mzima kabla ya tarehe. Nikaenda likizo moyo wangu umetulia.

Desemba, asubuhi moja, nikapigiwa simu. Sauti ya dada, ya upole.

"Naongea na mwalimu mdhamini wa Rehema?"

"Ndiye mimi."

"Tulimjulisha kwamba amepita mchujo wa kwanza, akajibu ameshukuru. Sasa tunamtafuta kwa ajili ya usaili Dodoma, simu yake haipatikani wiki nzima. Leo saa kumi jioni tunafunga. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine."

"Nithibitishe mimi kwa niaba yake?"

"Samahani mwalimu. Inabidi tumsikie mwenyewe."

Sikunywa chai. Nilitafuta gari mpaka Misigiri, nikapanda basi la Nzega, nikashuka Shelui, nikachukua bodaboda mpaka kwao. Nilimkuta bibi yake, Bibi Tabu, anapepeta uwele uani. Ni mama mdogo wa umbo, macho yake hayatulii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu mwalimu, karibu kiti." Akaniletea togwa kabla sijakaa sawasawa. Nilipomuuliza Rehema, akaendelea kupepeta. "Rehema hayupo. Amekwenda Itigi kwa shangazi yake."

"Shangazi ana simu?"

"Ya wapi! Kule porini."

"Na wazazi wake?"

"Shambani. Mvua imenyesha, nani atakaa nyumbani?"

Nilihisi togwa imekuwa chungu. Itigi siyo mahali pa kwenda na kurudi kabla ya saa kumi. Nikamuaga, nikapanda bodaboda, nikawaza maneno ya kumwambia yule dada wa simu. Tulipofika kwenye duka la kona nikasimama ninunue vocha, na kwa sababu tu ya uchungu nikamwambia mwenye duka kwamba nimemkosa Rehema, kumbe yuko Itigi.

"Itigi?" akasema. "Mbona bibi yake aliniambia yuko Mkiwa, anamuuguza mama yake mdogo?"

Yule dereva wa bodaboda akageuka. "Mimi kaniambia Manyoni, harusini."

Mtoto mmoja, safari tatu, msemaji ni bibi mmoja. Nimefundisha miaka mingi, mwanafunzi anayesahau uongo aliomwambia mwalimu wa zamu namjua hata akiwa na mvi. Nikamwambia dereva ageuze.

Bibi Tabu aliponiona narudi aliweka ungo chini. Sikumfokea, mama wa watu. Nilimwambia tu kwamba saa kumi ikifika Rehema hajasikika, masomo yake yameishia hapo. Akaniambia niingie ndani.

"Mwalimu, wewe umesoma, unaweza kunicheka," akasema. "Baba yake Rehema akiwa kijana alipata kazi ya reli. Tulishangilia, tukachinja, kijiji kizima kikajua. Hata kuripoti hakuripoti. Akaugua, nafasi ikapotea. Nikaapa. Jambo likiwa changa halisemwi. Mtoto akaniletea habari kwamba jina limepita, nikamwambia funga mdomo, hata baba yako asijue. Na hiyo simu zima, maana ikiita watu watauliza ni nani. Wakimuulizia mwenyewe, nikawa nasema amesafiri, asije akaropoka."

Akafungua sanduku la bati, akatoa kanga mbili zilizokunjwa, na katikati yake ilikuwapo simu ya Rehema, imezimwa, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Ilikuwa imehifadhiwa kama yai.

Sikumcheka. Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, mama yangu mzazi alinitoa nyumbani alfajiri, sanduku langu amelifunika kwa majani ya mboga, na majirani aliwaambia nimekwenda kusalimia ukweni kwa dada. Huku kwetu wengi tumesafirishwa hivyo. Tunaogopa jicho la mtu kuliko tunavyoogopa kuchelewa. Nilimhurumia yule mama, na papo hapo nilikuwa na hasira naye, na nikimtazama nilikuwa namwona mama yangu.

"Yuko wapi?"

"Bondeni. Leo wanatulimia."

Tulipanda mishikaki, watu watatu kwenye bodaboda moja, yeye katikati, kanga ameiuma kwa meno isipeperuke. Njiani alinishika bega. "Mwite pembeni, mwalimu. Mama Salome yupo."

Huyo Mama Salome ni jirani yao wa mpakani. Binti yake alisoma darasa moja na Rehema mpaka kidato cha nne, hakupata nafasi ya kuendelea, sasa anauza maandazi Shelui. Kwa hesabu za Bibi Tabu, hakuna mtu duniani aliyekuwa na sababu ya kumwonea Rehema wivu kuliko huyo.

Shambani walikuwa watu wengi. Kule hulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na siku ya zamu yako mtoto wako haondoki, hata awe nani, maana watu wataona umewaachia kazi. Rehema alikuwa kwenye mstari katikati ya wanawake, tope mpaka magotini. Nikatoa simu yangu. Hakuna hata alama moja ya mtandao. Saa tisa ilikuwa imepita. Njia tuliyojia ilikuwa matope, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya milima ya Sekenke. Kurudi kijijini tungechelewa. Kumwita pembeni kungenisaidia nini? Pembeni hapakuwa na mtandao.

Nikaita kwa ile sauti ya paredi.

"Rehema! Umeitwa usaili wa ufadhili Dodoma. Wanafunga saa kumi leo hii na wanataka wasikie sauti yako. Nani hapa anajua mtandao unakokamata?"

Majembe yakasimama. Bibi Tabu alijifunika uso kwa kanga. Baba yake Rehema, aliyekuwa mwisho wa mstari, akasema, "Usaili gani?" Rehema akaanza kulia.

"Nilimkataza mimi," Bibi Tabu akasema ndani ya kanga. "Sikutaka yampate yaliyokupata wewe, watu wakishajua."

Baba aliegemea jembe akimtazama mama yake. "Mama," akasema polepole, "mimi niliugua malaria. Sikulogwa na mtu. Niliugua malaria, na hapakuwa na wa kwenda kuwaambia watu wa reli kwamba naumwa."

Kisha Mama Salome akatoka kwenye mstari. Aliangusha jembe, akaja mpaka mbele ya Bibi Tabu.

"Kwa hiyo Itigi ilikuwa kwa ajili yangu," akasema. "Wiki nzima namuombea salama ya safari mtoto aliye hapa hapa, na leo asubuhi naambiwa amerudi jana usiku. Mimi, mama, niliyemnyonyesha huyu Rehema mama yake alipolazwa Kiomboi."

Mama Salome akafuta mikono kwenye kitenge, akamshika Rehema mkono. "Twende. Kwenye ule mwamba laini yangu inashika. Nampigiaga baba Salome kila jioni akiwa na lori. Mwalimu, lete hiyo namba, na uvue viatu."

Nilivua viatu. Mwamba wenyewe ni ule wa mawe makubwa yaliyobebana, kama yalivyo mengi mkoani kwetu, na mvua ilikuwa imeulainisha. Mama Salome alipanda mbele akimvuta Rehema, mimi nikawa wa kusukumwa na baba yake kutoka nyuma, heshima yote ya ualimu imebaki chini. Juu kabisa Mama Salome akamsimamisha mahali pamoja: "Hapo. Usisogee hata unyayo." Tukapiga kwa simu yake, ikaita. Rehema alifuta kamasi, akasema jina lake kamili, akasema ndiyo, nitafika, asante. Ilikuwa bado kidogo saa kumi. Mvua ikatupiga wote pale juu, tukawa tunacheka kama wehu.

Mngependa niishie hapo. Mimi pia. Lakini alikwenda Dodoma, akahojiwa, na hakuchaguliwa. Wenzake walikuwa wengi na wazuri. Aliporudi Bibi Tabu alisema neno moja tu, "Midomo," na lilitosha. Mama Salome aliacha kupita uani kwao. Akipita, alipita njia ya nyuma ya zizi. Rehema aliniambia kwamba kukosa ufadhili kulimuuma, ila kumwona Mama Salome akizunguka zizi kulimuuma zaidi. Na mimi niliyepiga kelele shambani nililala na mawazo. Je, kama yule bibi alikuwa sahihi?

Nimelitafakari sana, na leo nawaambia ninachoamini. Hakuchaguliwa kwa sababu waliochaguliwa walimzidi siku hiyo. Basi. Kule Dodoma wale waliomhoji walimpa habari ya ufadhili mwingine, wa chuo, ambao mwisho wake ulikuwa katikati ya Januari, na kama simu ingebaki sandukuni asingeusikia kamwe. Katika miaka yangu yote nimeona nafasi chache sana zikipotea kwa uvivu. Nyingi zimekufa kwa ukimya. Mtoto ana barua ya kuitwa, jirani ana mtandao, mtendaji ana muhuri, mjomba ana gari la kwenda huko huko kesho, na hakuna anayejua cha mwenzake. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, tunawaimbia kila siku. Lakini wengi hamchelewi kwa miguu. Mnachelewa kwa midomo iliyofungwa na sisi wazee wenu, kwa upendo.

Sisemi mkabandike mambo yenu kwenye mitandao. Wapo watu wabaya, siwadanganyi. Ila tarehe yako ya mwisho ijulikane na mtu mwenye simu, na mtu anayeamka mapema, na mtu asiyeona haya kukusumbua. Hasa huyo wa mwisho. Huyo mpende hata akikuudhi.

Ule ufadhili wa pili Rehema aliupata, msinisumbue kwa hilo, yuko chuoni anasomea maabara. Ninachotaka mjue ni siku aliyoutangaza.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nilikwenda kumpelekea barua yangu ya udhamini, nikamkosa nyumbani, nikaelekezwa shambani, na safari hii niliambiwa ukweli kwa mara ya kwanza. Ilikuwa zamu ya Mama Salome kupaliliwa. Nao walikuwa wamekwenda wote, hata Bibi Tabu, kwa sababu zamu haikosewi hata kama hamsemezani. Bibi alikuwa amekaa chini ya kivuli cha turubai anachambua mboga za wapaliliaji, mgongo ameupa shamba.

Watu walipokaa kula, Rehema alisimama. Akaomba radhi kwa wakubwa, akamgeukia Mama Salome.

"Mama, nina maombi mengine. Ya chuo. Mwisho wake ni mnada wa wiki ijayo. Bado sijapata muhuri wa mtendaji, na mimi nitakuwa shuleni. Naomba mnisaidie, na mnikumbushe."

Mama Salome alitafuna tonge lake, akameza. Hakumtazama Rehema, alimtazama Bibi Tabu. Na wote tukamtazama.

Bibi Tabu alikung'uta majani mapajani, akasimama taratibu, akashika kiuno.

"Mmemsikia mtoto," akasema. "Ni wiki ijayo. Asije mtu hapa akasema hakuambiwa."